Kukata uvimbe wa mishipa ya limfu kwenye ngozi

Vilengelenge vilivyorundikana kama mayai ya chura, vingine vyekundu kwa kuchanganyika na damu, ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Chini yake, ndani ya mafuta, kuna vifuko vya limfu (majimaji ya mwili yapitayo katika mishipa yake) vinavyovijaza. Ukikwangua juu na kuacha vifuko, vilengelenge hurudi, mara nyingi pembeni mwa kovu lenyewe.

Kwa hiyo anza na MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku), si kisu: ionyeshe vifuko vimeenea hadi wapi na kama vimefika kwenye msuli. Ngozi ikiwa na maambukizi, yatibiwe kwanza.

Chora mpaka wa kukata kwa kufuata picha hiyo. Macho hudanganya hapa. Kata ngozi na mafuta hadi utando unaofunika msuli, ukifunga kila kimrija kinachovuja. Kingo zisipokutana bila kuvutwa sana, pandikiza ngozi.

Acha mrija wa kutolea majimaji. Usiuondoe kwa kuhesabu siku, subiri yashuke chini ya takriban mililita 30 kwa saa 24. Ukiharakisha, limfu hujikusanya na mshono huachia. Nyama iliyokatwa iende maabara, kingo zikiwa zimewekewa alama.