Kujua duka la zamani la Kisumu lilijengwa lini

Anza juu, si chini. Ghorofa ya chini ya maduka ya Oginga Odinga Street imebadilishwa mara nyingi: vioo, vigae, mabango ya simu. Kwenye ukuta wa mbele, juu kabisa karibu na paa, ndiko mwenye mali alikoandikisha jina lake na mwaka, mara nyingi kwa herufi za saruji zilizochomoza. Kama zimezikwa na rangi, nenda jua likiwa chini, kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, usimame ng'ambo ya barabara. Kivuli cha pembeni huzitoa herufi ambazo saa sita mchana hazionekani kabisa. Omba ruhusa kwanza, maana anayepigapiga picha za majengo hudhaniwa dalali.

Kuusoma huo mwaka ndiko wengi wanakojikwaa. Wahindu wa Kigujarati walikuwa na hesabu yao, Samvat, ambayo mwaka wake huanza baada ya Diwali. Ukikuta Samvat 1985, toa 56 upate 1929. Ikiwa tarehe ni kati ya Diwali na mwisho wa Desemba, toa 57. Tena tarakimu zenyewe zinahadaa: moja ya Kigujarati inafanana na tisa yetu. Misikitini utakuta Hijria: zidisha kwa 0.97, ongeza 622. Mwaka 1338 unakuleta 1919 au 1920.

Hata ukisoma sawasawa, huenda huo ni mwaka wa ukuta wa mbele tu. Zunguka kichochoro cha nyuma. Mbele mawe, nyuma mbao na mabati yaliyochakaa? Basi duka lilikuwepo kabla ya ule ukuta. Ukiambiwa jengo ni la kabla ya 1901, uliza maswali zaidi: reli ilifika mwaka huo, mji ukiitwa Port Florence. Na karatasi za kabla ya Aprili 1902 zitafute chini ya Uganda, kwa sababu upande huu wote ulikuwa wake.

Kisha tafuta namba ya ploti. Huandikwa hivi: Kisumu Municipality, halafu Block na namba yake, halafu namba ya ploti. Upekuzi rasmi wa ofisi ya ardhi, ule watu huuita sachi, hukuonyesha mmiliki wa sasa, ukubwa na madeni yaliyoshikilia ploti, historia hauna. Omba nakala ya kadi ya kijani, ndiyo yenye orodha ya waliopokezana. Lakini usichukue tarehe ya kwanza kwenye kadi kuwa ya ujenzi. Kadi hizi zilikuja na sheria ya usajili ya 1963, na ploti nyingi zilikuwa na hati nyingine kabla ya hapo.

Familia ikikutolea risiti au mkataba wa kodi usio na tarehe, tazama pesa. Rupia ni hadi 1920. Florini ni bahati kubwa, kwa kuwa ilidumu 1920 hadi 1921 tu. Shilingi ni baada ya hapo.

Wazee usiwaulize "mwaka gani?" Watakupa mwaka kwa adabu tu. Uliza: "Mzee, mvua kubwa za 1961 zilipokuja, hapa palikuwa na nini?" Au: Kenyatta alipokuja kufungua hospitali ya Russia mwaka 1969, duka hili lilikuwa la nani, na wewe ulikuwa darasa la ngapi? Darasa halisahauliki. Waulize wawili, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, andika miaka yote miwili pamoja na aliyeitaja, usitafute wastani.