Jinsi ya kupinga makadirio ya kodi ya mapato ukiwa Tanga: kutoka kaunta ya TRA hadi Mahakama ya Rufani

Mfanyabiashara wa Ngamiani au Korogwe akiletewa makadirio ya kodi asiyoyakubali, jambo la kwanza analofanya ni kwenda kuzungumza. Si kosa kuzungumza, na mara nyingine tofauti ndogo ya hesabu inamalizwa hapo hapo. Lakini mazungumzo hayasimamishi siku. Mwambie ofisa shida yako, akuitikie, akuambie urudi wiki ijayo, na siku bado zinakatika. Ukisoma hukumu za kodi utakutana mara kwa mara na mtu ambaye huenda alikuwa na haki yake, ila shauri lake liliishia mlangoni kwa sababu ya tarehe au karatasi moja iliyokosekana. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye kalenda.

Siku ya kupokea

Una siku 30 za kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato (TRA), na zinahesabiwa tangu ulipofikishiwa hati ya makadirio. Siku yenyewe ya kupokea haihesabiwi. Ukipokea Machi 3, siku ya kwanza ni Machi 4 na ya thelathini ni Aprili 2. Iandike tarehe hiyo kwa kalamu nyekundu juu ya hati, kisha jiwekee tarehe yako mwenyewe siku tano kabla yake.

Ukipokea kwa mkono, saini, andika tarehe na ubaki na nakala. Hatari kubwa zaidi iko kwenye barua pepe. Wafanyabiashara wengi walisajiliwa TIN kwa anwani ya mhasibu ambaye hawako naye tena, au ya kijana wa steshenari aliyewajazia fomu. Hati inatumwa huko, siku zinaanza kuhesabiwa, na mwenye duka hana habari mpaka anapodaiwa. Kama hujui TRA wana anwani gani na namba gani ya simu kwenye taarifa zako, nenda ofisi yao Tanga mjini ukazirekebishe hata kama huna mgogoro wowote leo.

Kama kweli huwezi kuwahi, omba kuongezewa muda kwa maandishi kabla siku 30 hazijaisha. Sababu zinazokubalika ni kuwa nje ya nchi, ugonjwa au sababu nyingine ya msingi, na kila moja iambatane na ushahidi: karatasi ya hospitali, pasipoti yenye mihuri. “Nilikuwa na shughuli nyingi” haijawahi kuwa sababu.

Theluthi

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Pingamizi dhidi ya makadirio halipokelewi mpaka ulipe, ndani ya siku zile zile 30, kiasi cha kodi usichokibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa zaidi. Tuseme umekadiriwa 18,600,000. Theluthi yake ni 6,200,000. Kama kwa hesabu zako unakubali unadaiwa 4,000,000, utalipa 6,200,000, kwa sababu theluthi ni kubwa. Kama unakubali 7,500,000, utalipa 7,500,000. Wapo wanaolipa 4,000,000 wakidhani wametimiza wajibu, pingamizi linakataliwa na makadirio yanabaki kama yalivyo.

Huna hela hiyo? Sheria inamruhusu Kamishna Mkuu kuipunguza au kuisamehe theluthi, ila ni lazima uombe kwa barua na ueleze kwa nini. Weka taarifa ya benki inayoonyesha salio, orodha ya madeni, na kama biashara imeungua au imesimama, uthibitisho wake. Barua ya msamaha na pingamizi vipelekwe pamoja, ndani ya muda. Usikae kusubiri jibu la msamaha ndipo uandike pingamizi. Na kama una kiasi fulani mkononi, kilipe: riba ya kodi inahesabiwa kwa deni lililobaki, mwezi juu ya mwezi, na ukija kushindwa utailipa yote.

Kila makadirio yana pingamizi lake. Ukikaguliwa miaka mitatu ukapewa hati tatu, unaandika mapingamizi matatu na unapiga hesabu ya theluthi mara tatu.

Kuandika pingamizi lenyewe

Pingamizi ni maandishi yanayotaja sababu. Halihitaji lugha ya kortini. Linahitaji namba na viambatisho. Sentensi kama “kodi ni kubwa mno, biashara ni mbaya” haimpi ofisa kitu cha kurekebisha. Linganisha na hii:

“Makadirio ya mwaka 2022 yamekataa Sh 9,400,000 za usafiri wa machungwa kutoka Muheza kwa maelezo kuwa hazina uthibitisho. Gharama hizo zilitumika kwa biashara tu. Risiti za EFD 41 zipo, Kiambatisho B1 hadi B41, na jumla yake ni Sh 9,400,000. Tunaomba zikubaliwe.”

Hiyo ni hoja moja kamili: nini kimekataliwa, kiasi gani, kwa nini si sahihi, ushahidi uko wapi, unaomba nini. Andika kila hoja hivyo, kwa namba yake. Kipimo cha sheria ya kodi ya mapato ni kwamba gharama iwe imetumika yote na kwa ajili ya kuzalisha mapato pekee. Ukichanganya mafuta ya lori na ya gari la nyumbani kwenye risiti moja, umejiharibia hata ile sehemu ya haki.

Ugomvi wa kawaida kuliko wote ni wa fedha za benki. Mkaguzi anachukua taarifa ya akaunti, anajumlisha kila kilichoingia, anakiita mauzo. Dawa yake ni jedwali la upatanisho, mstari kwa mstari. Akaunti ilipokea 214,000,000 kwa mwaka. Toa mkopo wa benki 30,000,000, ambatisha mkataba wa mkopo. Toa 18,500,000 zilizohamishwa kutoka akaunti yako nyingine, ambatisha kurasa za akaunti zote mbili zenye tarehe zinazooana. Toa 6,000,000 za mgao wa kikoba, ambatisha daftari la kikoba na barua ya viongozi wake. Yanabaki mauzo ya 159,500,000. Tofauti hii haiishii kwenye kodi ya mapato: kiwango cha kusajiliwa VAT ni mauzo ya 200,000,000 kwa mwaka, na mtu aliyehesabiwa 214,000,000 anaweza kujikuta anadaiwa na VAT juu. Fedha taslimu ulizoweka benki bila karatasi yoyote nyuma yake ni vigumu kuziokoa, hata kama ni kweli ziliachwa na mzee wako. Sheria inakutaka utunze kumbukumbu miaka 5. Risiti za EFD zinafifia, basi zipige picha au nakala mapema.

Peleka pingamizi kwa njia ambayo TRA wanapokelea, iwe kwa mfumo wao wa mtandaoni au kaunta. Kitu kimoja usikose: uthibitisho wa mapokezi wenye tarehe. Kaunta, dai mhuri kwenye nakala yako. Mtandaoni, chapisha ukurasa unaoonyesha namba na tarehe.

Baada ya pingamizi kupokelewa

TRA wanaweza kutaka nyaraka zaidi, kisha wanakuletea pendekezo: wamekubali hiki, wamekataa kile. Una siku 30 za kulijibu. Watu hulisoma pendekezo kama hukumu, wakakata tamaa wasijibu. Kumbe bado ni mazungumzo, na ndiyo nafasi nzuri na ya bei nafuu kuliko zote za kupunguza mgogoro. Jibu hoja kwa hoja. Usiyoyakubali yaseme, uliyoyakubali yakubali.

Kamishna Mkuu ana miezi 6 tangu pingamizi lipokelewe rasmi kutoa uamuzi. Miezi hiyo ikipita kimya, makadirio yanahesabiwa kuwa yamethibitishwa na wewe una haki ya kwenda Bodi ya Rufani za Kodi. Kwa hiyo kimya nacho kina tarehe. Iweke kwenye kalenda.

Malalamiko ya huduma mbaya au usumbufu wa kiutawala yana mlango wake, Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi. Usiutumie mlango huo badala ya pingamizi au rufani.

Bodi ya Rufani za Kodi

Usifungue kesi Mahakama Kuu Tanga wala Mahakama ya Wilaya. Migogoro ya kodi zinazosimamiwa na TRA inaanzia Bodi peke yake, kwa Sheria ya Rufani za Kodi, Sura ya 408. Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo waziwazi, ikiwemo katika shauri la TRA dhidi ya New Musoma Textiles, Rufani ya Madai Na. 93 ya 2009. Anayeanzia mahakama nyingine anarudishwa, na akirudishwa siku zake zimekwisha.

Hesabu mbili zinaanza siku moja, unapopokea uamuzi wa mwisho wa Kamishna Mkuu: siku 30 za kuwasilisha taarifa ya kusudio la kukata rufani, na siku 45 za kuwasilisha hati yenyewe ya rufani. Wengi hukosea kwa kuhesabu 45 tangu walipopeleka kusudio. Ukipokea uamuzi Machi 3, kusudio mwisho Aprili 2, rufani mwisho Aprili 17. Ni siku 15 tu katikati, na si siku 45 nyingine.

Kwa aliye Tanga, umbali ni sehemu ya hesabu. Kabla hujapanda basi Kange, piga simu kwa Katibu wa Bodi uulize nyaraka zinapokelewa wapi na kwa njia gani, nakala ngapi, na namba ya malipo ya ada inapatikanaje. Kuwasilisha bila kulipa ada ni kama hujawasilisha. Ambatisha uamuzi unaoulalamikia, nakala ya kusudio lililopokelewa na hati za makadirio, kisha mpelekee TRA nakala yake na ubaki na saini ya aliyepokea.

Mzigo wa kuthibitisha ni wako. Sheria inasema anayekata rufani ndiye anayepaswa kuonyesha kuwa makadirio yamezidi au yamekosewa. TRA hawalazimiki kuthibitisha kuwa wako sahihi. Ndiyo maana yule mwenye risiti 41 zilizopangwa ana nafasi kuliko mwenye kilio cha kweli bila karatasi. Leta shahidi anayezijua hesabu, si yule anayekupenda. Mhasibu aliyeandaa jedwali aje mwenyewe aulizwe, kwa sababu ukishatoka Bodi nafasi ya kuleta ushahidi mpya ni finyu sana. Na usiogope lugha: tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama na mabaraza, ingawa nyaraka nyingi bado utazikuta kwa Kiingereza.

Kusoma hukumu za waliotangulia

Hukumu za Mahakama ya Rufani, na nyingi za Bodi na za Baraza la Rufani za Kodi lililo juu yake, zinapatikana bure kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Tafuta kwa jina la Kamishna Mkuu pamoja na neno la ugomvi wako. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani unaifunga Bodi na Baraza, basi kama swali lako limeshajibiwa huko juu, jua mapema. Mfano, kiwanda cha mkonge kinachomlipa fundi wa nje ya nchi kwa ushauri alioufanya akiwa nchini kwake kinaweza kudhani hakina kodi ya zuio ya kukata, yaani ile anayelipa anaikata kwenye malipo na kuipeleka TRA. Katika shauri la Tullow Tanzania BV, Rufani ya Madai Na. 24 ya 2018, Mahakama iliona kuwa huduma inayotumiwa Tanzania na kulipwa na mtu wa Tanzania, chanzo cha malipo yake ni Tanzania, hata kama kazi ilifanyiwa nje. Kubisha hilo upya ni kutupa ada.

Unaponukuu kifungu, angalia toleo. Toleo la Urekebu la 2023 la sheria zetu lilianza kutumika Julai 1, 2025, na baadhi ya vifungu vimebadilika namba. Kifungu kwenye hukumu ya zamani kinaweza kisiwe hicho leo.

Baraza, kisha Mahakama ya Rufani

Usiporidhika na Bodi, unakwenda Baraza la Rufani za Kodi, ambalo mwenyekiti wake ni jaji wa Mahakama Kuu. Muda unafupishwa: kusudio siku 15 tangu uamuzi, na rufani siku 30 tangu upewe nakala ya uamuzi na mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa na kuwasilishwa. Omba nakala hizo kwa barua siku ile ile uamuzi unaposomwa.

Mahakama ya Rufani inasikiliza maswali ya kisheria tu. Katika Atlas Copco Tanzania dhidi ya Kamishna Mkuu, Rufani ya Madai Na. 167 ya 2019, ilieleza swali la kisheria ni lipi: tafsiri ya sheria, namna Baraza lilivyoitumia sheria kwa ushahidi uliopo, au hitimisho lisilo na ushahidi au ambalo hakuna baraza lenye busara lingelifikia. “Baraza halikuniamini” haimo. Taarifa ya rufani inatakiwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na rufani ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo. Nakala za mwenendo zikichelewa, siku za kuzisubiri hazihesabiwi, kwa sharti kwamba uliziomba kwa barua ndani ya siku 30 za uamuzi na nakala ya barua ukampa TRA. Msajili atakupa cheti cha ucheleweshaji. Kikague kabla hujaondoka: tarehe ya barua yako na tarehe uliyopewa nakala ziwe sahihi, kwani cheti chenye tarehe mbovu kimeangusha rufani za watu.

Ukishinda, theluthi uliyolipa hairudi yenyewe. Mwandikie Kamishna Mkuu kuomba kurejeshewa au ihamishiwe kodi nyingine unayodaiwa, ukiambatisha nakala ya uamuzi iliyothibitishwa na stakabadhi ya malipo ya siku ile ya kwanza.