SOMO: Kigeu huru na kigeu tegemezi, namna ya kuvijua bila kukariri

Habari zenu wakuu, hasa nyie mnaoandika utafiti wa mwaka wa mwisho hapa Dodoma. Nimekaa na vijana kadhaa nikaona wanakwama palepale, maana tafsiri ya kigeu, yaani kitu kinachoweza kubadilika ukakipima, wanaijua kwa moyo ila ukimpa mfano mpya anababaika, na inaniuma kwa sababu siyo somo gumu.

Hatua ya 1. Andika swali lako kwa sentensi moja, hesabu bado. Mfano: nikiongeza samadi, mtama utazaa zaidi?

Hatua ya 2. Jiulize kipi nakipanga mimi na kipi nasubiri nikione. Samadi unapanga mwenyewe, debe moja, mawili au matatu kwa kila kipande, hicho ndo kigeu huru. Kilo utakazopima ukishapura huna mamlaka nazo, zinafuata samadi, hicho ndo tegemezi.

Hatua ya 3. Peleka kwenye hesabu. Tuseme mashineni kusaga kilo ni sh 100 na mfuko sh 500, basi y = 100x + 500, x ni kilo (huru) na y ni hela (tegemezi). Kilo 10 unalipa 1,500, kilo 20 unalipa 2,500 siyo 3,000, hapo tulia kidogo maana wengi wanadhani huru kikiwa mara mbili ni lazima na tegemezi kiwe mara mbili, wakati mfuko ni uleule mmoja. Kwenye grafu x inalala, y inasimama.

Hatua ya 4. Vingine vyote visibadilike: mbegu, udongo, siku ya kupanda. Kuna kijana aliweka samadi bondeni, mwinukoni hakuweka, bondeni kukazaa kweli, sasa ni samadi au ni maji yanayotuama kule chini? Hakuna wa kumjibu, na huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu, akitaka kurudia ni mpaka Desemba.

MASWALI

Swali: Mkuu, mvua siipangi mimi, haiwezi kuwa kigeu huru?
Jibu: Inaweza, maana mavuno yanaifuata yenyewe, mavuno hayaleti mvua. Ila kitu ulichokipima tu bila kukipanga usikimbilie kusema ndo kimesababisha, sema vinaenda pamoja kwanza.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi naangalia bei ya mtama soko la Majengo inavyofuata mavuno. Si umesema mavuno ni tegemezi?
Jibu: Marahaba. Kwenye swali langu ndiyo, kwenye lako ni huru na bei ndo tegemezi. Mavuno ni yaleyale, kilichobadilika ni swali, ndo maana nasema anzeni na sentensi.

Swali: Naweza kuwa na huru viwili? Nataka samadi na nafasi kati ya mistari.
Jibu: Ruksa, ila hesabu vipande. Samadi viwango 3, nafasi aina 2, hivyo ni vipande 6, ukirudia kila kimoja mara 3 ni 18. Una eneo?

Swali: Nusu eka, Chamwino, upande mmoja umeinama.
Jibu: Inatosha. Gawa huo mteremko sehemu 3, juu, katikati na chini, kila sehemu iwe na vipande vyote 6, halafu piga kura kipi kipate nini, usichague kwa macho. Fanya hivyo kabla mvua haijaanza.