Chupa, leso na mashine ya presha

Nafundisha wanafunzi wa uuguzi hapa Mombasa, na ule mkono wa plastiki wa mazoezi ulishatufia. Usingoje mwingine ununuliwe. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, izungushie leso hadi ifikie unene wa mkono wa mtu mzima, kisha ufunge mkanda wa presha juu yake. Mwanafunzi avae stetoskopu masikioni. Kile kichwa cha stetoskopu kishike wewe chini ya meza, asikione.

Ajaze hewa, halafu alegeze skrubu polepole, mshale ushuke milimita 2 kwa sekunde. Ukifika 138, anza kukigonga kichwa kwa ncha ya kidole: du, du, du. Ukifika 86, nyamaza.

Presha ya juu ni pale sauti inapoanza, ya chini pale inapokoma. Jibu, 138/86, unalo wewe tu, na faida yote iko hapo. Kwa mgonjwa wa kweli, mwanafunzi akisema 150 nawe 142, hakuna wa kuwaamua. Wengi wataandika 140/90, maana sifuri ni tamu. Mmoja aliniletea 135. Nikamwambia, “Mwanangu, hebu nionyeshe.” Akatafuta weee: vistari vya kipimo chetu vinapishana kwa 2, hiyo 135 haina kistari.

Wakishazoea, fungua dirisha tuktuk zisikike. Wodi haina kimya.

Kisha mmoja wao awe mama aliyetoka feri ya Likoni, kaja mbiombio, buibui mikono mirefu, na mdomo haupumziki. Mpimaji anayekimbilia mkanda, mrudishe mlangoni. Aanze na “Shikamoo mama, karibu ukae.” Dakika 5 za kutulia bila mazungumzo, mgongo umeegemea, miguu haikupandana, mkono mezani usawa wa moyo. Hapimi juu ya nguo, wala hakunji mkono wa buibui ukakaba. Avute pazia, amwombe kwa adabu autoe mkono mmoja.

Leso huuzwa jozi, na ile ya pili ina kazi yake. Izungushe juu ya ya kwanza wakiwa nje, uache mkanda uleule mezani. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unatakiwa uzunguke kama asilimia 80 ya mkono. Ukiwa mfupi, presha inasoma juu kuliko ilivyo. Nilipokuwa mwanafunzi nilimtia mama mmoja hofu hivyo hivyo, hadi sista alipokuja na mkanda mkubwa. Basi wakirudi usiseme kitu. Ngoja uone nani ataomba mkanda mwingine.