Jirani akivunja sheria za jengo: pitia kamati kabla ya korti

Jirani yako wa gorofa ya juu amegeuza nyumba kuwa malazi ya wageni wa siku mojamoja. Lifti imejaa watu msiowajua, muziki unapigwa hadi alfajiri, na meneja anaahidi kuongea naye kila mwisho wa wiki. Wengi tunaoishi Kilimani na Kileleshwa, mitaa ya Nairobi, tunayajua haya. Ukichoka kabisa, usianze kwa kutafuta wakili. Sisi wakili alitukimbizia kesi mahakamani bila kuuliza kama kamati ya jengo ilikuwa imeketi. Kesi ikafutwa kabla hata ya ushahidi kusikilizwa, na ada yake haikurudi.

Sababu iko katika Sheria ya Kenya ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, nambari 21 ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo. Inaagiza shirika la wamiliki, yaani chombo cha wenye nyumba wote wa jengo, liunde kamati ya ndani ya kutatua mizozo, ikiwemo ya kuvunja sheria ndogo za jengo (kanuni zake za ndani). Majaji wetu nao wameshikilia tangu kesi ya Spika wa Bunge dhidi ya Njenga Karume ya 1992 kwamba sheria ikikupa njia ya kufuata, uifuate kwanza.

Kwa hivyo anza na hati. Kama una hati miliki ya nyumba yako peke yake, iliyotokana na ramani ya sehemu iliyosajiliwa (inayoonyesha kila nyumba ya jengo peke yake), jengo lina shirika na njia ya kamati ni yako. Kama una lisi (mkataba wa kukodi) ya miaka mingi pamoja na cheti cha hisa katika kampuni ya usimamizi, mko bado katika mtindo wa zamani. Sheria ilitoa miaka miwili ya kubadilisha hati hizo, na majengo mengi hayajabadilisha. Hapo soma lisi yenyewe: masharti ya matumizi ya nyumba yamo humo, na mara nyingi kuna kipengele cha kupeleka mzozo kwa msuluhishi. Ukiwa na shaka, fanya sachi, yaani upekuzi wa rekodi za hati, kwenye Ardhisasa, mtandao wa serikali wa huduma za ardhi.

Kisha omba nakala ya sheria ndogo zilizosajiliwa. Hapa ndipo watu wengi huangushwa. Karatasi iliyobandikwa kwenye lango na meneja, "wageni mwisho saa nne usiku", inaweza kuwa haina nguvu yoyote. Sheria ndogo hubadilishwa kwa uamuzi maalum wa wamiliki, na mabadiliko hayana nguvu mpaka yasajiliwe. Malalamiko yako lazima yataje kifungu kilichovunjwa kwa nambari yake. Sheria hizo humfunga mpangaji pia, kwa hivyo mwandikie aliyemo ndani na mwenye nyumba wote wawili.

Sasa barua, na hii ndiyo hatua ya kuwekea bidii. Kamati haikai ikikusubiri; huundwa mzozo unapotokea. Mwandikie mwenyekiti na katibu wa shirika, ukiomba waziwazi kamati iundwe kusikiliza malalamiko yako. Usiandike "naomba msaada" peke yake. Taja kifungu, tarehe na matukio, ambatisha picha na kurasa za daftari la walinzi. Ipeleke kwa mkono, upigiwe muhuri kwenye nakala yako, kisha uitume tena kwa baruapepe. Ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la jengo usiutegemee. Wakinyamaza, andika ya pili ukirejelea ya kwanza: barua hizo mbili ndizo zitakazomwonyesha jaji kwamba uligonga mlango ukafungiwa.

Kamati ikiketi, dai mambo mawili: mlalamikiwa aitwe kwa maandishi apate nafasi ya kujitetea, na kumbukumbu za kikao ziandikwe. Uamuzi uliotolewa bila kumsikiliza utaanguka, hata kama kosa lake mnalijua nyote. Kamati ina uwezo wa kumtoza faini, ambayo hudaiwa kama deni la madai. Polisi hawaikusanyi.

Milango mingine isikupotezee muda. Mahakama za kodi za nyumba ni za mwenye nyumba na mpangaji wake. Kelele za usiku ni jambo la kuripoti mara moja, maana kanuni za 2009 za NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zinazikataza. Ripoti hiyo haichukui nafasi ya kamati, lakini itunze, ni ushahidi.

Asiyeridhika na uamuzi ana njia ya kwenda kortini, kwa Nairobi ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi pale Milimani, na karatasi huwasilishwa kwa mtandao. Wakili ana kazi sasa. Kabla ya kumwona, chukua nakala ya uamuzi na ya kumbukumbu za kikao, zikiwa na sahihi na muhuri. Zichukue wiki hiyohiyo, maana viongozi wa shirika wakibadilika kwenye mkutano wa mwaka, mafaili hupotea na hakuna atakayekubali kwamba alikuwa nayo.