Baiskeli kwenye treni ya TAZARA

Ukisafiri na baiskeli kutoka Mbeya, wahi stesheni ya TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) pale Iyunga, uulize ofisi ya mizigo kabla hujakata tiketi. Baiskeli ikienda behewa la mizigo, toa kila kinachochomoka: taa, pampu, chupa, mifuko ya keria. Hivyo panda navyo. Toa pedeli pia. Ya kushoto hulegea kwa kuzungusha kufuata mshale wa saa, wengi huilazimisha wakaharibu nyuzi za skrubu yake. Usukani ulaze sambamba na fremu, ufunge kwa tyubu kuukuu, haikwaruzi rangi kama kamba. Andika jina na kituo cha kushukia. Risiti usiiachie! Ukishukia njiani, Makambako au Mlimba, sogelea behewa la mizigo treni ikianza kupunguza mwendo.