Kazi ya kupima maji: anza na chupa kabla ya mashine

Nimekulia chini ya Mlima Meru, kwa hiyo floridi, madini yaliyomo kwenye maji yetu yanayoharibu rangi ya meno, niliiona kabla ya kujua jina lake. Ilikuwa kwenye meno yetu. Darasa zima tulikuwa na meno ya kahawia, na ndugu zetu wa mikoa mingine walipokuja likizo walidhani hatupigi mswaki. Nikiwa kidato cha pili walikuja watu wa maji shuleni, wakakinga maji ya bomba letu kwenye chupa ya plastiki, wakaandika saa na jina la shule, wakaondoka. Nilimfuata yule dada aliyeshika chupa nikamuuliza anaipeleka wapi. Akanijibu, "Maabara, mdogo wangu. Maji yanapimwa kama damu." Siku hiyo nikajua ninachotaka kusomea.

Leo nina mwaka wa kumi na moja kwenye maabara ya mamlaka ya maji, huku huku kaskazini. Vijana wakija fildi kwetu, wengi macho yanakwenda moja kwa moja kwenye mashine. Mimi huwapa chupa kwanza. Nitaeleza sababu, ila tuanze na shule, maana ndiyo inayoulizwa zaidi.

Njia ya shule

Njia niliyopita mimi ni Chuo cha Maji, pale Ubungo, Dar es Salaam. Wazee bado wanakiita Rwegarulila. Kuna kozi ya teknolojia ya maabara za ubora wa maji: unaanza astashahada, unapanda hadi stashahada, yaani ngazi ya nne hadi ya sita. Ukitoka kidato cha nne unahesabu miaka mitatu. Kemia ndiyo nguzo. Fizikia, baiolojia na hisabati zinakusaidia, lakini aliyeitupa kemia kidato cha tatu huja kulia baadaye. Kabla ya kulipa ada popote, hakikisha chuo na kozi yenyewe vimo kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, wa mwaka huo, na sifa za kujiunga zisome humo.

Aliyemaliza kidato cha sita na mchepuo wenye kemia anaweza kwenda moja kwa moja kusomea shahada ya kemia au sayansi ya mazingira. Ukitaka kusonga hadi uzamili ukiwa Arusha, Taasisi ya Nelson Mandela iko Tengeru na ina watafiti wa maji na floridi.

Wazazi nawaomba jambo moja: maabara ya maji siyo maabara ya hospitali. Nimepokea vijana wawili wenye stashahada ya maabara ya tiba wakidhani ni kazi ileile. Walikuwa hodari, mikono yao safi, lakini hawakuwahi kusikia shabu ya kuzamishia tope wala klorini ya mabaki, ile inayobaki kwenye maji ikilinda hadi bombani. Amua mapema unataka ipi.

Sasa chupa

Majibu yote ya maabara yanategemea dakika tano ulizokaa pale bombani. Ukikosea pale, hakuna mashine itakayokuokoa.

Chupa ya bakteria inapikwa kwenye otoklevu, chungu cha mvuke wa kuua vijidudu, kabla ya kutoka. Kama bomba lina maji ya klorini, ndani yake tunatia thiosulfeti ya sodiamu kidogo ili kuzima klorini. Ukifika, futa mdomo wa bomba, ondoa mpira au chujio lililofungwa pale, fungulia maji yatiririke dakika moja au mbili, funga, kisha choma mdomo wa bomba la chuma kwa pamba yenye spiriti. Fungulia tena taratibu, acha maji yapite kidogo, ndipo ufungue chupa. Usiguse ndani ya kifuniko, wala usikiweke chini. Usijaze hadi juu. Acha nafasi ya hewa ili maabara waweze kuitikisa. Funga, andika, weka kwenye deli lenye barafu, mbali na jua. Sampuli hiyo ikifika maabara ndani ya saa sita ni vizuri. Ikipita saa ishirini na nne usihangaike nayo.

Chupa ya floridi ni habari nyingine. Hiyo ni ya plastiki, maana floridi inashambulia kioo. Hiyo unaisuuza mara tatu kwa maji yale yale unayoyachukua. Ya metali kama risasi au chuma inatiwa asidi ya nitriki ili metali zisigande kwenye kuta za chupa. Kila kipimo kina chupa yake na adabu yake.

Hapa ndipo nilipoangukia mimi. Mwezi wangu wa kwanza fildi nilitumwa kwenye mabomba nane. Chuoni tulikuwa tumetoka kujifunza kusuuza mara tatu, nami nikasuuza chupa zote, hata za bakteria. Asubuhi iliyofuata visahani vyote vya kuoteshea bakteria vilikuwa sifuri. Nilifurahi kweli, nikampelekea mkuu wa maabara fomu. Akaitazama kwa muda mrefu, akaniuliza, "Binti, hizi sifuri zimetoka kwenye maji au kwenye mikono yako? Thiosulfeti iko wapi?" Nikakumbuka. Nilikuwa nimeimwaga bombani. Klorini ikabaki ndani ya chupa ikiendelea kuua safari nzima. Pengine maji yale yalikuwa salama kweli. Hatukuwa na njia ya kujua. Tulirudia mabomba yote nane siku ileile, na yule mzee alikuja nami, akakaa kwenye gari bila kunisema hata neno moja. Ukimya ule ulinifundisha kuliko kelele.

Kazi yenyewe kwa siku

Asubuhi napima klorini ya mabaki kwenye vituo vya mtandao wa mabomba. Unatia kidonge cha DPD kwenye maji, yanageuka waridi, unasoma papo hapo. Tunataka kwa kawaida kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita mwisho wa bomba. Ukisogoa na mtu dakika kumi rangi inabadilika na namba inakudanganya. Kisha naangalia pH, upitishaji umeme, na tope. Mita ya pH unaisawazisha kila siku kwa vimiminika vya 4, 7 na 10, usidanganywe kwamba jana ilikuwa sawa.

Masika mito inashuka na udongo. Hapo tunafanya jaribio la shabu: bika sita za lita moja moja za maji ya mto, kila moja na kipimo chake cha shabu, unakoroga kwa kasi dakika moja, halafu polepole kama dakika ishirini, unaacha yatulie nusu saa. Ukikaa ukatazama utaona vidonge vya tope vikishikana kama maziwa yanayoganda, kisha vinazama. Unapima maji ya juu, unachagua kipimo kidogo kabisa kinachotoa maji maangavu. Mtambo mzima unafuata uamuzi wako siku hiyo. Shabu ikizidi ni hela ya bure na pH inashuka. Ikipungua, tope linapita hadi kwenye vichujio, na klorini haiwezi kumfikia mdudu aliyejificha ndani ya tope.

Mchana ni bakteria wa kinyesi. Mililita 100 za maji zinavutwa kupita kwenye utando wenye matundu ya mikroni 0.45. Matundu hayo ni madogo kuliko bakteria wenyewe, kwa hiyo wanabaki juu. Utando unalazwa kwenye chakula chao ndani ya kisahani, unakwenda kwenye inkubeta ya nyuzi 44, unalala humo. Kesho yake unahesabu madoa ya njano. Kiwango cha maji ya kunywa ni sifuri kwa mililita 100. Doa moja ni habari. Kipindupindu kinapoanza mahali, hakuna anayerudi nyumbani mapema.

Na floridi, iliyonileta hapa. Tunatumia elektrodi maalumu. Inatoa milivolti, siyo miligramu. Kwanza unapitisha vimiminika unavyovijua kiasi chake, mathalani cha 1 na cha 10. Tofauti ya milivolti kati ya hivyo viwili ikiwa karibu 57, elektrodi ni nzima. Ikiwa 45, usipime maji ya mtu yeyote. Safisha elektrodi, badilisha kimiminika, anza upya. Halafu unatia kiowevu cha kuweka pH sawa na kuifungua floridi iliyoshikwa na aluminiamu. Ukisahau hicho, utaripoti floridi ndogo kuliko iliyopo, na mtoto wa mtu ataendelea kunywa.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4 kwa sababu ya hali ya maeneo kama yetu, kisha ikashuka hadi 1.5. Kwa hiyo ukipewa ripoti ya zamani iliyoandikwa "yanafaa", tazama imepimwa kwa kiwango cha mwaka gani. Swali ninaloulizwa zaidi na akina mama ni kama kuchemsha kunasaidia. Hapana, mama. Kuchemsha kunaua wadudu. Floridi haipandi na mvuke, kwa hiyo sufuria likipungua, kilichobaki kina floridi kali zaidi. Na magadi ya kulainishia makande nayo yana floridi nyingi, hilo watu wengi hawalijui. Kinachoondoa ni kama mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unaotengenezwa pale kituo cha Ngurdoto. Ukifanya kazi hii kaskazini, jifunze kulieleza jambo hili kwa Kiswahili cha jikoni. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi.

Ajira ziko wapi

Mamlaka za maji za miji. RUWASA, wakala wa maji wa vijijini, iliyoanza baada ya sheria ya mwaka 2019. Maabara za Wizara ya Maji mikoani. Bodi za maji za mabonde tisa, ambazo zinafuatilia mito, maziwa na visima badala ya mabomba. Mkemia Mkuu wa Serikali, na TBS, shirika la viwango. Nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, unaomba kwa mtandao, na vyeti vyako viwe vimehakikiwa mapema, siyo usiku wa siku ya mwisho.

Lakini usikae ukisubiri serikali tu. Viwanda vya bia, soda na maji ya chupa vinapima maji kila zamu. Migodi inapima maji yanayotoka kwenye mabwawa ya taka. Hospitali zinazosafisha damu ya wagonjwa wa figo zinahitaji maji yasiyo na klorini wala aluminiamu, maana yale yanakwenda karibu na damu yenyewe. Wachimba visima wanahitaji mtu wa kuwaambia kama maji waliyoyapata yananyweka. Marafiki zangu wa darasani wametawanyika huko kote.

Usaili wa maabara una mtihani wa kuandika na mara nyingi wa vitendo. Wakikupa chupa na bomba, wanaangalia mikono. Wakikuuliza kwa nini, eleza kwa nini. Anayekariri hatua bila sababu anajulikana ndani ya dakika tatu. Soma pia juu ya ISO 17025, kiwango ambacho maabara hukaguliwa nacho, hasa sehemu ya kumbukumbu: nani alipima, lini, kwa kifaa kipi, kilisawazishwa lini.

Jambo lisilofundishwa chuoni

Siku moja alikuja mwenye kisima anayejaza maboza. Floridi yake ilikuwa 3.9. Akakaa kwenye benchi letu, akaniita mwanangu, akatoa hela ya soda, akaomba nigeuze tu iwe 1.4, "si namba tu." Nilimrudishia hela yake, nikamweleza kuhusu kuchanganya na maji ya chanzo kingine na kuhusu mkaa wa mifupa. Aliondoka amekasirika. Nilitetemeka mkono nikisaini ile 3.9, kwa sababu alikuwa mtu mzima wa rika la baba yangu. Utakutana naye na wewe, labda mwaka wako wa kwanza. Weka nakala, mwite mkuu wako ashuhudie, na usikae na mteja peke yako ukiwa na majibu mabaya mkononi.

Kwa anayeanza

Andika barua ya fildi mapema, kwa mamlaka yenye mtambo na maabara mahali pamoja, uone maji yanavyoingia na yanavyotoka. Kama umemaliza chuo na hujapata kazi, omba kujitolea, lakini kubaliana kwa maandishi ni miezi mingapi na utajifunza vipimo gani. Uwe na daftari lako la jalada gumu: kila kipimo ulichofanya kwa mkono wako, tarehe, kosa ulilofanya, ulivyolirekebisha. Daftari langu la kwanza nilikwenda nalo kwenye usaili, na nusu ya maswali yalitoka humo.

Siku ya kwanza vaa viatu vya kufunika vidole, funga nywele, na beba kalamu ambayo wino wake haufutiki kwa maji. Andika kwenye chupa yenyewe kabla hujaikinga maji, siyo kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Barafu ya kwenye deli ikiyeyuka inafuta wino wa kawaida, na chupa isiyosomeka jina tunaimwaga, hata kama umeifuata kilomita sitini.